Bakuli la Mti na Ufa Wake

Afadhali tuanze habari hii kwa kosa letu wenyewe.

Katika kikanisa chetu tulihitaji bakuli jipya la kukusanyia sadaka, kwani la zamani lilikwisha kuliwa na mchwa. Tukamwendea fundi mmoja, mzee mwenye keezo la kukanyaga kwa mguu. Akakata kigogo kibichi, akakifunga kwenye keezo, akaanza kukikereza, yaani kukichonga huku kinazunguka. Siku ya tatu akatuita. Akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele, unaotoka ukingoni na kushuka kwa urefu wa kidole. Akasema: «Mwalimu, bakuli hili bado ni nene. Niachie miezi miwili likauke polepole. Kisha nitaziba ufa, nitalirudisha kwenye keezo, nitalimaliza.»

Lakini Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara baada ya majuma matatu. Tukamjibu: «Hapana, Mzee. Funika tu ufa, watu wasiuone.» Fundi akatutazama, wala hakusema neno. Akayeyusha vipande vya mishumaa, akachanganya nta na masizi, akapaka, akasugua bakuli mpaka likang'aa.

Siku ya sikukuu jua likawa kali. Bakuli lilikaa mezani, nje, mbele ya watu wote. Nta ikalainika, na mti, ambao ulikuwa ungali mbichi, ukazidi kukauka. Wakati wa matoleo mtoto mmoja akaliinua, nalo likagawanyika mikononi mwake. Feza zikatawanyika mavumbini. Watu wakacheka. Mtoto akalia, kwa kuwa alidhani amelivunja yeye. Na sisi, tuliojua neno lote, tulinyamaza.

Tangu siku ile tumetaka kujua: watu wa kale, waliokula na kunywa katika vyombo vya mti miaka elfu na zaidi, walifanya nini walipoona ufa? Tumeuliza mafundi, tumesoma vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa nini mti unapasuka

Mti uliokatwa sasa hivi umejaa maji. Katika miti mingine uzito wa maji unapita uzito wa mti wenyewe. Maji yakitoka, mti unanywea. Lakini haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu wake, kutoka mizizi kwenda matawi, haupungui sana. Kutoka moyo kwenda ganda unapungua kidogo. Kufuata pete za miaka, yaani kuzunguka moyo, unapungua karibu mara mbili zaidi. Basi kigogo kizima chenye moyo wake ndani kinajivuta chenyewe kama ngoma iliyowambwa karibu na moto. Hakina budi kupasuka.

Ndiyo sababu wakereza wa kweli hawatengenezi bakuli kwa kigogo kizima. Wanapasua gogo katikati kwa shoka na kabari, wanatoa moyo, na kila nusu inakuwa bakuli. Wanalikereza likiwa bichi, kwa maana mti mbichi ni laini kwa chuma. Wanaacha kuta nene, wanalifunika kwa maranda yake lenyewe, na kuliweka mahali penye kivuli pasipo upepo. Huko linakauka polepole na kupinda kidogo. Likisha kukauka linarudi kwenye keezo, na ule upotovu unaondolewa kwa chuma.

Ufa ukionekana katikati ya kazi, fundi anasimamisha keezo. Hilo ni neno la kwanza. Anagonga bakuli kwa kidole na kusikiliza: lililo zima linalia, lililopasuka linatoa sauti ya chungu kibovu. Kisha anachagua. Kama ufa ni mfupi, na ukuta ungali mnene, anaweza kukereza mpaka auondoe wote, na bakuli litakuwa dogo kuliko alivyokusudia. Kama ni mrefu lakini mti umetulia, anauziba, kisha anakereza juu yake, ili kizibo na mti vilainishwe na chuma kimoja. Na kama ufa umekwisha kushika kitako, anautupa mti motoni. Tena, kuziba ufa katika mti mbichi ni kazi bure, kwa kuwa mti ungali unanywea na utafungua tena mahali palepale. Haya ndiyo yule mzee aliyotaka kutufanyia kwa miezi miwili, nasi tukamnyima.

Kazi ya zamani sana

Kazi ya kukereza ni ya kale, na sanamu ya kale ya keezo inayojulikana iko katika Afrika. Huko Tuna el-Gebel, katika nchi ya Misri, mna kaburi la kuhani mmoja jina lake Petosiris, lililojengwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristu. Ukutani wamechongwa watu wawili kazini: mmoja anavuta kamba huku na huku ili mti uzunguke, mwenzake ameshika chuma.

Katika Ulaya kaskazini walipata njia ya mtu kufanya kazi peke yake. Walifunga kamba katika ncha ya mti mwembamba unaonepa, wakaizungusha kwenye kigogo, wakaishusha mpaka kwenye ubao wa kukanyaga. Mguu ukishuka, kigogo kinazunguka mbele na chuma kinakata. Mguu ukipanda, kile kijiti kinavuta kamba na kigogo kinarudi nyuma. Kwa pwani yetu ya mashariki pia, hasa Lamu, mafundi wamekereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani, na neno keezo limetoka kwao.

Sasa tuje kwenye ufa. Katika makaburi ya Waingereza wa karne ya 6 na ya 7 wachimbaji wamekuta mara nyingi kitu cha kushangaza: vikombe vya mti vimeoza, lakini vimebaki vipande vidogo vya shaba nyeusi, vilivyokunjwa juu ya ukingo na kupigiliwa misumari midogo. Vingine vilikuwa mapambo. Vingine vilikuwa vibanio vya kushika ufa. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu amekufa, jamaa zake wanamzika pamoja na vitu vyake, nao wanaweka kikombe kilichokwisha kutengenezwa baada ya kupasuka. Hawakuona haya kwa kibanio kile. Hata leo ni kile kibanio kinachotuambia kwamba palikuwa na kikombe.

Katika mji wa York mna njia iitwayo Coppergate. Jina hilo ni la lugha ya watu wa Skandinavia waliotawala mji huo katika karne ya 9 na ya 10, na maana yake ni njia ya mafundi wa vikombe. Toka mwaka 1976 mpaka mwaka 1981 wataalamu walichimba mahali hapo. Udongo ulikuwa wenye maji, na maji yalizuia mti usioze. Wakapata vikombe, mabakuli, na vile vigogo vidogo vinavyobaki ndani ya bakuli fundi akimaliza kulichimba. Jina la njia lilikuwa limesema kweli muda wa miaka elfu. Wakapata na vyombo vilivyopasuka na kushonwa kwa vyuma vidogo. Bakuli lilikuwa chombo cha maskini, na miti ilikuwa tele. Lakini mtu aliyezoea bakuli lake alilishona, akaendelea kulia uji wake.

Vikombe vya wamonaki

Watu wa Ulaya walipoendelea, walichagua mti bora kwa vikombe vya heshima. Walitafuta vinundu vinavyoota katika shina la mti uitwao mepo. Katika kinundu nyuzi za mti hazikunyoka. Zinazunguka na kufumana pande zote kama nywele zilizosokotwa. Ufa unapenda njia iliyonyoka. Katika kinundu hauoni njia, na kwa hiyo fundi anaweza kukereza kikombe chembamba sana bila kukipasua. Kikombe cha namna hii Waingereza walikiita mazer.

Wamonaki walivipenda sana. Katika monasteri ya Christ Church huko Canterbury, mwaka 1328, hesabu ya vyombo vya chumba cha chakula ilionyesha vikombe hivi 182. Mkereza alitengeneza kikombe kipana na kifupi. Kisha mfua feza akakizungushia ukanda ukingoni, mahali ambapo ufa huanza na mahali ambapo midomo ya watu hugusa. Ndani, katikati ya kitako, ambapo keezo huacha kovu, akabandika kibamba cha duara chenye jina la Yezu, au sanamu ya Bikira Maria, au ya mtakatifu. Basi mahali pawili pa udhaifu, ukingo na kovu, ndipo mahali pa heshima palipowekwa feza.

Katika kanisa kuu la York kinatunzwa kikombe kimoja kikubwa cha namna hii, cha mwanzo wa karne ya 15. Kilikuwa cha chama cha Mwili wa Kristu, kisha kikawa cha chama cha washona viatu. Maandishi ya ukanda wake yanasema kwamba Askofu mkuu Richard Scrope anawapa rehema ya siku 40 wanaokinywea. Scrope huyo alikatwa kichwa mwaka 1405 kwa amri ya mfalme Henry wa Nne. Kikombe kimemwishia mfalme na ukoo wake wote, nacho ni cha mti tu.

Kati ya mwaka 1536 na 1540 mfalme Henry wa Nane alifunga monasteri zote za Uingereza. Feza na zahabu zilichukuliwa hazina, na vyombo vingi vikapotea. Leo vikombe vya mazer vya zamani zile katika Uingereza havifiki mia moja. Lakini tazameni jambo moja. Tarehe 27 Februari 1660, miaka 120 baada ya monasteri kufungwa, mwandishi mmoja wa serikali jina lake Samuel Pepys alipita katika mji wa Saffron Walden. Akaingia katika nyumba ya wazee maskini. Wakampa kinywaji katika bakuli la rangi ya kahawia lenye ukingo wa feza. Akanywa mpaka mwisho, na chini kabisa akakuta Bikira Maria amemshika Mtoto. Sanamu nyingi za makanisa zilikuwa zimevunjwa. Ile iliyokaa chini ya kinywaji cha maskini ilikuwa imebaki.

Na kalisi je? Msomaji atauliza: kama mti ulipendwa hivi, kwa nini kalisi ya Misa si ya mti? Mwanzoni kalisi za mti zilikuwako. Lakini mti unakunywa kitu kinachotiwa ndani yake, na ufa unaficha tone. Mtaguso wa maaskofu uliokutana Tribur, nchi ya Wadachi, mwaka 895, uliwakataza mapadri kutumia kalisi za mti. Maaskofu wale walikumbusha jibu la Mtakatifu Bonifasi juu ya neno hilo: kwamba zamani mapadri walikuwa wa zahabu na kalisi zao za mti, lakini siku zake mambo yamegeuka. Maagizo ya Misale ya Roma ya siku hizi yanaruhusu vyombo vitakatifu vya mpingo au miti mingine migumu inayoheshimiwa katika nchi, lakini kikombe cha kalisi lazima kiwe cha kitu kisichonyonya maji.

Ufa unafunguliwa kwanza

Twende sasa mbali, katika nchi ya Japani. Huko bakuli la supu ni la mti uliokerezwa, na linapakwa utomvu wa mti uitwao urushi, ambao ukikauka unakuwa mgumu na kung'aa kama kioo. Katika mji wa Wajima, unaosifiwa sana kwa kazi hii, bakuli likitoka kwa mkereza linachunguzwa. Penye ufa au fundo bovu fundi hapaki juu. Anachukua kisu na kuufungua ufa, anaupanua mpaka mti mzima uonekane pande mbili. Kisha anajaza mchanganyiko wa utomvu, unga wa mti na nyuzi. Ukikauka anaulainisha, anavika ukingo na kitako kitambaa kilicholoweshwa utomvu, na baadaye ndipo anaanza kupaka tabaka baada ya tabaka. Mtu anayekula hauoni ufa tena. Lakini haukufichwa, uliponywa. Tofauti ya kuficha na kuponya ni kile kisu kinachotangulia.

Mafundi wa siku hizi wenye mashine ya umeme wanafuata akili ileile. Wana dawa mpya. Mwaka 1942 Mmarekani mmoja, Harry Coover, wa kampuni ya Eastman Kodak, alikuwa anatafuta kitu cheupe kama kioo kwa ajili ya bunduki za vita. Akapata maji yanayonata kila kitu. Akayaacha, kwa sababu yalimharibia kazi. Mwaka 1951 yeye na wenzake wakayajaribu tena, wakatambua faida yake, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa gundi ile ambayo leo tunainunua sokoni katika kichupa kidogo na kushikisha viatu. Wakereza wanaitia katika ufa. Inashuka yenyewe mpaka mwisho wa ufa, wanamwagia unga wa mti, na baada ya muda kidogo wanarudisha chuma. Wanaonya tu kwamba bakuli linalozunguka mara elfu kwa dakika likiwa na ufa mkubwa linaweza kuruka vipande na kumwumiza mtu usoni. Gundi haigeuzi mti mbovu kuwa mti mzima.

Mwaka uleule wa 1958, mwezi wa Desemba, alikufa George Lailey wa kijiji cha Bucklebury katika Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa wa mwisho katika nchi ile kupata riziki yake kwa kukereza mabakuli kwa keezo la mguu, kama babu yake. Kwa vyuma vyake vilivyopinda kama kulabu aliweza kutoa mabakuli kadhaa katika gogo moja, moja ndani ya jingine. Keezo lake likapelekwa katika makumbusho ya maisha ya shamba katika mji wa Reading, watu wakadhani kazi imekufa. Lakini miaka ya 1990 Mwingereza mwingine, Robin Wood, alikwenda kulitazama, akajifunza, akaifufua. Leo wako wanaoifanya tena.

Kwetu

Wazee wetu wa Kongo hawakukereza mabakuli. Walichonga kwa tezo. Nani hajasikia sifa za vikombe vya Bakuba vya kunywea ulevi wa mitende? Lakini katika kuponya ufa hawakushindwa na mtu. Vyombo vingi vya Afrika vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya vina mishono ya uzi, vibanzi vya chuma, na waya uliosukwa vizuri hata ukawa pambo. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto tulimwona bibi yetu akishona kibuyu kilichopasuka. Alitoboa matundu mawili mawili kwa chuma cha moto, akapitisha uzi wa katani, akaziba kwa utomvu. Kibuyu kile kilichukua maziwa miaka mingi baadaye. Wageni wakija hakukificha.

Lazima tuungame neno moja zaidi. Katika mafundisho tulikuwa tunapenda kueleza kwamba neno la Kilatini sincerus, yaani mnyofu, limetoka katika maneno sine cera, bila nta, kwa sababu mafundi wa Roma wadanganyifu waliziba nyufa kwa nta. Tulilipata seminarini kwa wenzetu, tukalipeleka vijijini. Wataalamu wa Kilatini wanalikataa. Wanasema neno lile lina asili nyingine, nayo ni ya kitu kilichokua kimoja bila mchanganyiko. Tazameni basi: tulihubiri habari ya nta kwa maneno yaliyokuwa yenyewe ni nta, na baadaye tukaipaka kweli juu ya bakuli la kanisa.

Baada ya kusoma haya yote tulirudi kwa yule mzee. Alikuwa ameviokota vile vipande viwili siku ile ya sikukuu, akaviweka juu ya dari la jiko lake, navyo vilikuwa vimekauka kabisa. Hakutukemea. Alikwangua nta yote kwa kisu mpaka mti mzima uonekane. Akapaka gundi, akafunga kwa kamba, akangoja. Siku iliyofuata akatoboa matundu na kushona kwa waya wa shaba, mishono tisa. Mwishoni akalirudisha kwenye keezo na kulipitisha chuma taratibu, ndani na nje, pasipogusa waya. Bakuli limekuwa jembamba kuliko lilivyokuwa, na si la duara kamili.

Jumapili ile tulimwita yule mtoto mbele ya watu wote. Tukasema kwamba ufa ulikuwako tangu mwanzo, kwamba fundi alituonya, na kwamba sisi ndio tulioamuru ufunikwe. Hakuna aliyecheka. Yeye alilichukua bakuli kwa mikono miwili, akahesabu mishono kwa kidole, akaanza kupita katikati ya watu.